Debe la Maziwa Limerudi, Sasa Timu Nimwachie Nani?

Mpendwa Shangazi Ardith, naomba msaada wako, ila kwanza uniruhusu nijisifu kidogo kwa sababu furaha niliyo nayo haikai kifuani, yaani tumewapiga mahasimu wetu wa chuo cha Bellamy, tena kwao, mbele ya watu wao, na Debe, lile kombe tunalogombea nao kila mwaka, limerudi nyumbani Lindgren baada ya miaka tisa! Jina langu tafadhali lifiche.

Mimi nilianza kama mchezaji wa mstari wa mbele hapa hapa chuoni, nikawa msaidizi wa kufunga vijana bandeji na kupanga kofia ngumu, nikapanda mpaka kocha mkuu wa futiboli, hii yetu ya Kimarekani ya kubeba mpira mikononi mpaka uvuke mstari wa wapinzani, na nikakaa hapo mpaka nywele zikaisha, halafu magoti yakagoma na rais wa chuo akanipa ofisi ya mkurugenzi wa michezo, na tangu hapo kazi yangu imekuwa mabasi, nyasi, bwawa la kuogelea linalovuja na vikao, vikao, vikao, na siku ya mechi navaa tai nakaa juu kwenye chumba cha vioo na wafadhili wanaokula soseji wakati vijana wako chini kwenye baridi, na sikudanganyi Shangazi, nilikuwa najiona kama nimefungiwa nje ya nyumba yangu mwenyewe. Sisemi sijafanya kitu, timu ya mieleka ya wasichana niliianzisha mimi na msimu uliopita wakachukua ubingwa wa kanda, lakini si sawa na futiboli, wewe mwenyewe wajua.

Sasa wiki ya Bellamy yenyewe, kocha niliyemwajiri akachukuliwa na chuo kikubwa cha Texas, akawaaga wachezaji kwa ujumbe wa simu, na rais akaniita akasema, "Vern, vua tai ushuke uwanjani, ni mechi hii tu." Nikashuka mbio, magoti nikayasahau.

Mwisho wa mchezo tuko nyuma, saa inakwisha, mpira uko karibu kabisa na mstari wao, nami nikasema tusukume katikati, tumpe yule kijana mnene apite nao, ndivyo nilivyocheza maisha yangu yote. Cortez Whitlow, aliyekuwa msaidizi wa huyo aliyeondoka, akaniambia masikioni kwenye kile kifaa chetu cha kuongelea, "Kocha, hapana. Wanajua umerudi, na wanajua unapenda kusukuma. Tuwazuge tunasukuma, mpira arushiwe Boone pembeni." Nikamwambia, "Wee Cortez, Boone si kaangusha miwili leo!" Akasema, "Wa tatu hauangushi. Niamini, Kocha." Nikasema haya, na kweli Bellamy wote wakajazana katikati kama ng'ombe mlangoni, Boone akabaki peke yake kule pembeni, akaudaka ndani ya mstari wao akaukumbatia, nikashinda.

Vijana wakavuka uwanja mbio mpaka kwenye benchi la Bellamy wakalinyakua Debe, kama ilivyo desturi, nalo limejaa maziwa baridi tangu asubuhi, na kocha mkuu ndiye hunywa kwanza, basi nikainua nikanywa mpaka yakashuka kifuani hadi mkandani, halafu wakanibeba mabegani na uzito wangu huu. Mke wangu Marlys ananiambia kila siku, "Vern, hilo koti linanuka jibini, livue," na mimi sitaki.

Shida ni kwamba kuajiri kocha ni kazi yangu mimi. Kwa kinyozi, kanisani, kwenye mgahawa wa chapati za asubuhi, kote naambiwa, "Kocha, jiajiri mwenyewe, unangoja nini?" na rais anataka nimpelekee jina moja tu, hata likiwa langu yeye hana neno. Cortez alikuja ofisini akanishukuru kwa mechi, akaomba tu nimwandikie barua ya kumtambulisha kwingine. Tena Marlys amemkuta mkewe, Janelle, dukani anaomba maboksi matupu, maana hapa kwetu kocha mkuu akiondoka wasaidizi nao hufungasha, hata mimi ujanani nilifungasha. Lakini roho yangu inaitaka timu yangu, Shangazi. Je, nikijipa nitakuwa nimekosea?

Mwenye Debe,
Lindgren, Iowa

SHANGAZI ARDITH ANAJIBU:

Hongera, Vern! Umeniomba nifiche jina kisha ukaliandika mwenyewe. Nimeliacha, maana Debe ni moja na Iowa nzima inajua nani alilowa maziwa. Mimi nilikuwa jikoni na redio, na Boone alipodaka niliunguza nyama na wala sikujuta.

Haya, sasa kaa chini nikuambie. Umeandika "nikashinda". Hebu isome tena barua yako. Wewe ulitaka kusukuma katikati, na ungesukuma, Debe lingekuwa Bellamy mpaka leo. Mchezo aliushinda Cortez. Wewe ulifanya jambo jingine kubwa: ulimwamini mtu anayejua, wakati uwanja mzima unapiga kelele na moyo wako unakwambia ukatae. Hiyo ndiyo kazi ya mkurugenzi, bwana! Umeifanya vizuri ajabu, na wala hujagundua.

Na wasichana wa mieleka umewapa nusu sentensi. Usinitie hasira. Mjukuu wangu yumo kwenye timu ile, medali yake anaivaa hata akiosha vyombo, na bila wewe angekuwa anawatazama kaka zake tu. Unalia kwamba umefungiwa nje, Vern, nawe ndiye mwenye funguo zote.

Nakuonea huruma, kweli. Kubebwa mabegani umri huo si mchezo, na siku ile hakuna atakayekunyang'anya. Lakini mwenye mamlaka ya kuajiri akijiajiri mwenyewe, huku mke wa aliyeshinda anahangaikia maboksi dukani, huo ni uroho, usiuite mapenzi ya futiboli.

Rais anataka jina moja? Mpelekee la Cortez. Wale wa kwa kinyozi watanuna mpaka mechi ya kwanza, kisha watasema waliyajua tangu mwanzo. Chumba cha vioo nacho kikikuchosha, toka, simama kwenye uzio ule baridi na wenzako. Nani kakukataza? Mwakani Debe likijaa, Cortez anywe kwanza, nawe upige foleni.

Nakala ya jibu hili nimekutumia mapema. Gazetini linatoka Alhamisi, na Janelle Whitlow huusoma ukurasa huu, ameshawahi kuniandikia. Ole wako aisome habari ya mumewe hapa kabla hajaisikia kwako. Koti hilo livue, Marlys amevumilia vya kutosha. Kisha nenda kwa akina Whitlow leo, piga hodi, mwambie Cortez timu ni yake, halafu kunja mikono ya shati uwasaidie kufungua maboksi.