Njia ya Kufika kwa Akina Chizuru

Rissne, Stockholm
8 Machi 2009

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao, zenye heshima na hamu. Je, magoti yanaendeleaje na mvua hizo? Huku tu wazima, na theluji imeanza kulegea.

Najua unachongojea ni habari ya posa. Baba Mdogo Évariste alikwisha kukupigia simu kwamba Chizuru, binti Mjapani niliyesoma naye chuoni, hana kwao. Nisikilize na mimi, kwani shauri halikatwi kwa kusikia upande mmoja.

Nilimpeleka Alby, nyumbani kwa Baba Mdogo, akajulikane. Kwa ada yetu, Baba Mdogo aliuliza wazee wakienda kubisha hodi kwao Nagoya waingie barabara gani. Chizuru akajibu kwa adabu kwamba barabara yao haina jina. Baba Mdogo akaweka kikombe chini, akaniambia kwa Kiswahili kwamba hata mbuzi wa Uvira ana kwao, na anayeficha njia huficha na watu wake. Mama Mdogo Josiane akamkanya kwamba mgeni hasengenywi huku anakunywa chai yako.

Nami, unanijua, sikunyamaza. Nilieleza kwamba Wajapani hutaja mji, mtaa, kitalu cha nyumba, kisha nambari. Barabara ni nafasi tu baina ya vitalu. Tena mara nyingi nambari hufuata nyumba ipi ilitangulia kujengwa, hata ya kwanza ikapakana na ya kumi na mbili. Baba Mdogo akasema shahada imenifundisha kutetea fujo. Nikasema vibao vya barabara vya Waswidi vimemdekeza. Tukanuniana.

Chizuru akaomba karatasi, akachora kama wafanyavyo kwao wakitarajia mgeni: kituo cha treni, duka la mchele, kinyozi, kibanda cha polisi, ukuta wenye mti wa matunda. Baba Mdogo akavaa miwani, akauliza kinyozi akiwa amefunga itakuwaje. Akajibiwa kwamba utamwuliza muuza mchele, anawajua wote. Baba Mdogo alicheka hadi akakohoa: kumbe ni watu wa mtaani kwetu Kimanga hawa, ambako njia huulizwa kwa jirani!

Mama, sasa lile nililolichelewesha. Mwezi wa tano Baba Mdogo atafuatana nami Nagoya kupeleka posa. Lakini mama yake Chizuru naye ameuliza njia ya kwetu. Mimi, msomi wa jiografia, niliandika Uvira, nikaandika Kimanga, nikakwama. Nyumba uliyoijenga baada ya sisi kuondoka, hakuna kati yetu aliyepata kuiona. Sijui njia ya kwetu, Mama.

Nichoree kwa mkono wako, kuanzia sokoni: kinu cha mihogo, kanisa, na jirani wa kuulizwa. Mchoro huo ukinifikia, nitajua umetubariki.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Mungu akulinde mpaka tubishe hodi.

Mwanao,
Ludovic