Nywele za Mkia wa Dume Mwekundu

Mjukuu wangu Nyamizi,

Shikamoo yako imenifika hapa Lusu; marahaba. Mvua imenyesha, shangazi yako amepanda karanga, nami nashinda kitandani nikisikiliza kengele za ng'ombe zikipita. Unauliza nilimpataje marehemu bibi yako.

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, baba alipeleka dume wetu mwekundu mnadani Nzega. Kwetu, anayeuza ng'ombe hung'oa nywele chache za mkia wake akarudi nazo nyumbani, ili baraka ya zizi isiondoke na mnunuzi. Bei ilipokubaliwa, baba alinituma mimi. Vumbi lilikuwa jepesi, la dhahabu, na watu walielea ndani yake kama wako ndotoni. Nikang'oa nywele za dume mwingine mwekundu, aliyeshikwa kamba na msichana.

"We kijana!" baba yake akafoka. "Unaniibia baraka mchana kweupe?"

Baba akaja mbio kuomba radhi. "Msamehe, mzee mwenzangu. Vitabu vimemharibu macho."

Msichana alicheka mpaka kamba ikamponyoka. Nikanyoosha mkono kurudisha zile nywele, lakini mzee akakataa.

"Zikishang'olewa hazirudi. Baraka yangu sasa italala kwenu, na mimi nitakuja kuitazama."

Alikuja, tena mara nyingi, na binti yake.

Maisha yote watu wamenitania kwa kosa lile. Hata bibi yako aliondoka akiamini nilikosea. Sitaki kufa nalo, Nyamizi: dume wetu nilimwona vizuri kabisa.

Babu yako