Umri Uliompa Luhaga

Somanda, Bariadi

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka, baba. Shikamoo. Naamini wewe na mama mmeamka salama, na goti la mama limepata nafuu kwa ile dawa ya kuchua. Huku wajukuu zako wanakula na kulala vizuri. Mimi niko hivyo hivyo tu.

Kija amenifikishia ujumbe wako kwamba nimpandishe Luhaga gari aje Mwamapalala kuchuma pamba, maana kifungo cha miaka mitatu kimekwisha na mambo yamekwisha. Hayajaisha, baba.

Mdogo wangu alipotoka gerezani na kufikia kwangu, aliomba ruhusa hata ya kwenda chooni. Mume wangu Dastan akimwita kwa sauti ya juu, anachuchumaa na kuweka mikono kichwani. Hayo amefundishwa na watu wazima aliolala nao chumba kimoja, hayo na mengine ambayo siwezi kumwandikia baba yangu.

Mashimba unamkumbuka, yule rika lake waliyeiba naye pikipiki mnadani. Mama yake alisema ukweli, kwamba mwanawe ana miaka kumi na sita, akapelekwa shule ya maadilisho. Amerudi fundi wa kuchomelea, na karakana yake iko jirani na kwangu. Alimpokea Luhaga, akampa kazi ya kupiga msasa mageti, wala hakumsimanga. Nikaanza kupumua.

Kisha wale aliofungwa nao wakamfuata. Juzi walivunja karakana hiyo hiyo pamoja naye. Wenzake wakakimbia na mashine. Luhaga alikutwa amekaa mlangoni, hakujaribu hata kukimbia. Sasa yuko mahabusu.

Nilipompelekea chakula aliniambia jambo, nami silifichi. Siku ile polisi walipokuuliza umri wake, alikuwa amesimama nyuma yako. Alikusikia ukisema kumi na tisa, na kwa ule mwili wake mkubwa wakakuamini. Alijua pia kwa nini umesema hivyo. Ulidhani serikalini ni kama kwenye dagashida, baraza la wazee wetu, mwanaume akikosa anatozwa ng'ombe na kurudi kwao, ila mtoto serikali ingemchukua kwenda kumlea mbali. Fahali wa kulipa ulikuwa umeshamchagua. Luhaga alinyamaza kwa sababu mtoto hambishii baba yake mbele za watu. Ndivyo ulivyotulea, na ndivyo alivyofungwa.

Nina hasira nawe, baba. Nimejaribu kuimeza, imenishinda.

Usije na ng'ombe safari hii. Polisi wamemwuliza tena umri, akajibu mwenyewe: kumi na tisa. Sasa ni kweli.

Mweleze mama taratibu, akiwa amekaa. Msalimie Bundala na shangazi Specioza. Luhaga naye amenituma nikuamkie. Anasema shikamoo, baba.

Mwanao,
Minza