Nusu ya Onyo

Jumatatu, 3 Machi
Zamu ya asubuhi. Nimepima gesi visima vinne vya mvuke. Salama vyote. Mama amepanda kilimani na kikundi cha maombi. Siku saba bila chakula, ili niandikwe kazi ya kudumu hapa. Kibarua changu kimemchosha kuliko kinavyonichosha mimi. Kile kilima kwenye mteremko wa volkano ya Menengai kiliheshimiwa hata kabla ya makanisa. Hakuna anayekata mti pale. Sigombani na kilima. Nagombana na pango lake, wanamoombea.

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea blanketi. Pangoni mvuke unatoka kwenye nyufa. Nikamwomba wasalie nje. Akacheka: "Wewe na gesi yako! Hapa ni kwa Mungu, si kwa boss wako." Mtu wa boda aliyenileta alikuwa ananipigia honi. Nikamwambia Mama tu, mkisikia harufu ya mayai yaliyooza, tokeni. Akakubali.

Jumatano, 5 Machi
Baridi. Hakuna upepo kabisa. Siupendi utulivu huu; gesi hutuama.

Alhamisi, 6 Machi
Kisimani hatuingii na simu. Saa kumi nimefungua kabati, nikakuta ujumbe wa sauti wa Mama: "Mwanangu, ile harufu ilikuja. Tulipotaka kutoka, pastor akaikemea, ikaisha hapo hapo! Tuko tu ndani, tunashukuru."

Gesi ikizidi, pua huacha kuinusa. Hilo hufundishwa siku ya kwanza kazini. Sikumwambia Mama.

Nimefika na kipima gesi. Kimelia kabla ya mlango wa pango. Waliokaa mbele walikuwa nje wakitapika, mchungaji pia. Mama alikuwa nyuma kabisa, ameanguka kifudifudi, viatu amevivua na kuvipanga ukutani. Walidhani ameshukiwa na Roho. Wakamwacha.

Ijumaa, 7 Machi
Mochari. Dada amefika kutoka Gilgil. Ameuliza kama Mama alikuwa ameonywa. Nikasema ndiyo. Najichukia.

Jumamosi, 15 Machi
Tumemzika. Mchungaji akatangaza kwamba Jumatatu wanarudi pangoni kumalizia siku zilizobaki. Watu wakaitika amina. Nikaomba kusema. Nikawaeleza yote kuhusu harufu, na ile nusu niliyomnyima Mama kwa sababu nilikuwa na haraka. Mchungaji akanikatiza, nikaendelea. Dada aliinuka akaenda jikoni. Hajanisemesha tangu hapo.

Jumatatu, 17 Machi
Sikwenda kazini. Nimekaa chini ya kilima tangu asubuhi. Mvua kidogo. Hakuna aliyepanda.