Shati la Kuitia Roho

Kaka Choei,

Huku Itoman tu wazima, na mikaranga imeanza kutoa maua. Uliposema huko Osaka hupati usingizi, Mama alijua roho yako ilidondoka pwani kwa mshtuko siku rafiki yako Seijun alipozama. Akachukua shati ulilorudi umelivaa siku ile, akaokota mawe matatu pale miambani, akaiita roho irudi: "Haya mwanangu, twende nyumbani!"

Tangu hapo kila asubuhi tunakuta nyayo zenye maji mlangoni. Juzi nikalifua shati, nikaona jina la Seijun limeshonwa ndani ya kola.

Mama anampakulia Seijun wali. "Muache ale," ananiambia, "katoka mbali."

Lakini hali kitu, Kaka. Anauliza tu kwa nini ulituapia kwamba hukuwa naye alipozama.

Mdogo wako,
Natsuyo