Msonobari Juu ya Paa la Yasna

Baba Yasna,

Maharage na maboga yako jikoni, yapashe moto. Kuku wameshakula, usidanganywe na kelele zao.

Nimeshuka mjini Tomé kumfuata fundi Eleodoro na msumeno wake wa mashine. Ndiyo, msonobari unakatwa leo. Asubuhi ulinicheka mbele ya binti yako: "Moto wa msituni uko ng'ambo ya mto, mama, wewe hata moshi wa sigara unakukimbiza!" Haya. Toka uani ukaangalie shuka nililoanika. Jani la mkaratusi limetua juu yake, zima, jeusi tii, bado lina moto, likalitoboa. Limevuka mto bila daraja, mume wangu.

Kuni zako za msimu wa baridi, ulizozipanga ukutani zisilowe, nimezihamishia kule bandani, mbali na nyumba. Peke yangu. Mgongo unauma na sijutii. Ukitaka kununa, nuna huku unafagia majani makavu chini ya dirisha.

Yasna, panda ngazi uzibue mfereji wa paa, umejaa majani. Kisha jaza mapipa maji. ~~Msubiri baba akushikie ngazi.~~ Mwambie baba akushikie ngazi, sasa hivi.

Najua, Baba Yasna, msonobari huo uliupanda siku aliyozaliwa binti yako. Leo matawi yake yamelala juu ya chumba chake. Kati ya mti na mtoto aliyepandiwa, mimi nimeshachagua.

Mama Yasna