Dawa ya Ndui Iliyoachwa Juani

Teresia, huyu bwana afya ni mjinga kabisa! Leo kaja Ihanda kuchanja ndui, dawa kaiacha juani tangu asubuhi, mwenyewe anakunywa pombe kwa jumbe.

Nikamwambia, "Bwana, dawa hii imeshakufa." Unajua kanijibu nini?

"Haidhuru, mama. Wakubwa wa boma wanataka majina ya waliochanjwa tu."

Majina! Jirani zetu wa Mlowo wanazika watoto kwa ndui, yeye anataka majina!

Nikamtoa mwanangu Lusungu kwenye mstari. Nikawaambia akina mama kwa Kinyiha kwamba wanachanjwa maji matupu. Wakaondoka wote.

Kabaki peke yake na kisu cha kuchanjia, anafoka, "Nitakushtaki!"

Ashtaki. Mume wangu Hezron ameshapanda baiskeli kwenda misheni kuwaomba dawa iliyo hai.